Swali Baada ya Amina

Kila Ijumaa jioni, nyumba ile ya mtaa wa Al Quoz, huko Uarabuni, ilinukia mchuzi wa karanga. Mpishi alikuwa Resty, Mganda wa Masaka, ambaye siku za kazi alisafisha ofisi. Katika nyumba ile waliishi watu tisa, Wakenya na Waganda. Siku nyingine kila mtu alikula kwa saa yake, maana zamu zao zilipishana. Lakini Ijumaa walikula pamoja, wakazungumza mambo ya nyumba, kisha wakaomba.

Mkuu wa nyumba alikuwa Francis. Kazi yake ilikuwa kulinda lango la shule moja inayofuata mtaala wa Uingereza. Alikuwa na mke, Virginia, aliyefanya kazi ya kufua na kupiga pasi hotelini. Wenzao walimchagua Francis kwa sababu alikuwa mtu wa kutegemewa. Pampu ikiharibika, Francis. Mtu akiugua usiku, Francis. Na hakuwa mtu wa kuchoka.

Francis alikuwa na desturi yake. Akiwa na jambo, alilitangaza. Kisha alisema, "Tuombe." Watu waliinamisha vichwa. Aliomba kwa machozi na kwa moyo wote. Walipoitikia amina, jambo lilikuwa limekwisha. Nani angebishana na amina? Isitoshe, wote walitoka kazini ambako supavaiza akisema, mtu hujibu, "Yes, sir," na kufuata. Mazoea hayo walikuja nayo mpaka nyumbani.

Ijumaa moja Francis alisimama kabla sahani hazijaondolewa.

"Ndugu zangu," alisema, "mnajua mwenye nyumba anataka nyumba yake. Mwisho wa mwezi lazima tutoke. Lakini Mungu hakutuacha. Nimepata nyumba Deira, karibu na bandari ya Hamriya. Ni ghorofa ya juu. Ina vyumba vinne na jiko kubwa. Dalali anaitwa Shakir. Jumamosi ya wiki ijayo natia saini mkataba wa mwaka mzima. Tuombe."

Vichwa vikainama. Francis akashukuru kwa vyumba vinne na kwa jiko kubwa. Wote wakaitikia, "Amina." Hata Lukman, ambaye ni Mwislamu, aliitikia "Amin" kama kawaida yake.

Kisha Lukman akainua mkono. Alikuwa mlinzi wa ghala, kijana wa Jinja, mpole lakini asiyeficha neno.

"Kaka Francis, samahani. Nina swali."

Isaiah, rafiki mkubwa wa Francis, akaacha kutafuna.

"Lukman, tumeshaomba," Francis alisema.

"Najua. Swali lenyewe ni dogo tu."

"Jambo limeshakwenda kwa Mungu. Sasa wewe unataka kumrudisha Mungu nyuma?"

Mtu mmoja akacheka. Lukman hakucheka.

"Mungu haogopi swali, kaka."

Francis alihisi joto likipanda shingoni. Mwezi uliopita Lukman aliuliza kuhusu pampu. Kabla ya hapo aliuliza kuhusu zamu za jikoni. Kila mara ni yeye.

"Sikiliza," Francis alisema. "Nyumba haiwezi kuwa na vichwa viwili. Asiyetaka kuhama nasi atafute kitanda kwingine. Khalas."

Lukman akachukua sahani yake, akaiosha, akaenda kulala.

Baadaye Virginia alikuwa akikunja nguo kitandani. Hakumtazama mumewe.

"Baba Nduta, swali la Lukman lilikuwa nini?"

"Lipi?"

"Hilo alilotaka kuuliza."

Francis akafikiri. "Sijui," alisema.

"Umemfukuza mtu kwa swali ambalo hukulisikia?"

Francis alizima taa.

Jumanne jioni, baada ya zamu, Francis alikwenda darasani. Pale shuleni palikuwa na mwalimu mzee wa historia aliyeitwa Bi. Ghania. Babu yake alitoka Unguja, yeye mwenyewe alizaliwa Deira na kusomea Uingereza. Kila Jumanne aliwafundisha bure walinzi, wafagiaji na wasaidizi wa mabasi ya watoto. Francis aliacha shule mapema kwa kukosa karo. Sasa, na nywele zake zenye mvi, alikuwa na daftari jipya, na hakukosa somo hata moja.

"Leo tunasoma Bunge la Uingereza," Bi. Ghania alisema. "Pale London pana jumba moja lenye mabaraza mawili. Baraza la kwanza ni la wabunge wanaochaguliwa na wananchi, kila mmoja na jimbo lake. Zamani kwa Kiswahili tukiliita Baraza la Makabwela."

"Makabwela!" Barbara akaruka. Alikuwa msaidizi wa basi, Mkenya mwenye mdomo mwepesi. "Kumbe hata sisi tuna baraza letu!"

Darasa zima likacheka.

"Na Waziri Mkuu?" Francis aliuliza. "Anapigiwa kura na nchi nzima, kama rais wetu Kenya?"

"Hapana, mwanangu. Kura ya Waziri Mkuu haiko. Watu huchagua mbunge wa jimbo lao tu. Kisha anayeungwa mkono na wabunge walio wengi, Mfalme humwita aunde serikali. Lakini anabaki mbunge. Anakaa mle mle Bungeni na wale wanaomuuliza. Hebu inukeni."

Akawaamuru wapange viti safu mbili zinazotazamana.

"Francis, kaa huku mbele. Wewe ndiye Waziri Mkuu. Walio nyuma yako ni chama chako. Barbara, kaa pale umkabili. Wewe ndiye kiongozi wa upinzani. Mimi nitakaa hapa katikati. Mimi Spika. Sakafuni kwao pana mistari miwili myekundu. Anayesema hatakiwi kuuvuka mstari wake. Kwa hiyo kugombana ni kwa maneno tu. Haya, Barbara. Kila Jumatano Waziri Mkuu hukaa akaulizwa. Muulize."

Barbara akasimama, akashika kiuno.

"Mheshimiwa Waziri Mkuu! Basi letu la wafanyakazi halina baridi tangu joto lianze. Tunaiva ndani kama maandazi. Umefanya nini?"

Watu wakapiga meza. Francis akacheka, kisha akanyoosha kidole mlangoni.

"Mtoeni nje huyo!"

"Huwezi," Bi. Ghania alisema.

"Si mimi ndiye Waziri Mkuu?"

"Ndiyo, na huwezi. Wa kumtoa mtu ni Spika. Na Spika hamtoi mtu kwa kuuliza, humtoa kwa kuleta fujo. Spika naye, akishachaguliwa, huacha chama chake ili asimpendelee yeyote."

Francis hakucheka tena. Akilini alimwona Lukman akiosha sahani peke yake.

"Lakini Mwalimu," alisema, "mtu anayepinga kila jambo, si anavunja nyumba? Namaanisha nchi."

"Ngoja nikwambie. Kiongozi wa upinzani hulipwa mshahara wa ziada kutoka hazina ya umma."

"Analipwa ili apinge?"

"Analipwa ili aulize, na awe tayari kushika kazi ukiiharibu. Na jina lao rasmi ni Upinzani Mtiifu wa Mfalme."

"Mtiifu, na bado anapinga?"

"Anampinga Waziri Mkuu, Francis. Haipingi nchi. Watu wengi hudhani hayo ni kitu kimoja."

Francis aliandika maneno hayo.

Bi. Ghania akaendelea. Alieleza kamati za wabunge. Katika kamati hukaa watu wa chama tawala na watu wa upinzani pamoja. Wao huwaita mawaziri na kuwahoji, hudai karatasi, na wakati mwingine huenda wenyewe kutazama jambo lilivyo. Kisha alieleza baraza la pili, la Malodi. Hao hawapigiwi kura na wananchi, wengi wao huteuliwa. Hawawezi kuwashinda wabunge moja kwa moja. Ila wanaweza kurekebisha muswada, au kuuchelewesha kwa muda wa mwaka hivi, ili watu wafikiri tena. Mwishowe Mfalme hutia saini. Kwa desturi hakatai.

"Na mahakama?" mlinzi mmoja aliuliza.

"Majaji hawawezi kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Lakini serikali ikifanya jambo bila ruhusa ya sheria, majaji huiambia: hapa umekosea, rudi nyuma. Nayo hurudi."

"Basi hapo hakuna ubaya kabisa," Barbara alisema.

"Ubaya upo. Chama kikiwa na wabunge wengi mno, kinaweza kupitisha karibu kila kitakacho. Ndiyo maana maswali ni muhimu. Anayeshinda kwa kura bado lazima ajibu."

"Na Waziri Mkuu akishindwa kura, anakwenda nyumbani?" Francis aliuliza.

"Inategemea kura gani. Serikali ikishindwa kwa jambo moja, huliacha au hulirekebisha, na kazi huendelea. Lakini wabunge wakipiga kura kusema hatuna imani na serikali hii, basi serikali hujiuzulu au nchi huenda kwenye uchaguzi. Mwaka 1979 serikali iliangushwa hivyo kwa kura moja tu."

Barbara akapiga mluzi. Kisha akauliza, "Na wanaanzaje hao? Wanaimba wimbo wa taifa?"

"Wanaomba," Bi. Ghania alisema. "Kila siku ya kikao hufunguliwa kwa sala. Wanaotaka kushiriki husimama, wakageukia ukuta ulio nyuma ya viti vyao. Sala ikiisha, milango hufunguliwa kwa wageni, na maswali huanza."

Francis aliinua kichwa.

"Wanaomba kwanza?"

"Kwanza."

"Na mwishoni, wakishaamua? Hawafungi kwa sala?"

"Mwishoni huahirisha kikao, wakenda zao. Kwa nini, mwanangu?"

"Nauliza tu," alisema Francis.

Katika basi la kampuni alitazama karakana za Al Quoz zikipita, milango ya chuma ikiteremshwa. Wale wabunge humwomba Mungu awape hekima kabla ya kuulizana. Yeye aliamua peke yake, kisha akamwita Mungu afunge mlango. Alipofika hakuingia ndani. Alisimama uani, karibu na tangi la maji, akaomba.

"Bwana, nimelitumia jina lako kuwafunga watu midomo. Nisamehe. Nipe nguvu ya kuulizwa."

Lukman alikuwa hapo hapo uani, anapiga pasi yunifomu yake juu ya meza ya mbao.

"Lukman, swali lako lilikuwa nini?"

"Lipi? Hili lililonitafutia kitanda kwingine?"

"Hilo hilo. Nilikosea, ndugu yangu. Kitanda chako ni hapa."

Lukman akaiweka pasi pembeni. "Niulize sasa, au ningoje amina?"

Francis akatabasamu kwa shida. "Usiniulize mimi peke yangu. Uliza mbele ya wote. Alhamisi tunakaa. Na nitakujibu."

Alhamisi usiku walikaa. Francis alipanga viti safu mbili zinazotazamana, na Virginia akamuuliza kama wanangoja harusi. Francis akaeleza mambo aliyojifunza. Wakamchagua Resty kuwa Spika, kwa kuwa hakuwa upande wa mtu, na kwa kuwa wote walimwogopa. Resty hakupiga kura tangu siku hiyo. Alishika mwiko.

"Anayeleta fujo," alisema, "hali chakula changu."

Francis akasema, "Leo tunaomba kwanza." Hakushukuru kwa nyumba ya Deira. Aliomba macho ya kuona na masikio ya kusikia. Wakasema amina. Kisha akaketi, akaweka mikono magotini.

"Lukman, uliza."

Lukman akasimama. "Kaka Francis, huyo Shakir ndiye mwenye nyumba?"

"Yeye ni dalali."

"Mwenye nyumba umemwona?"

"Sijamwona."

"Barua ya kumruhusu dalali apangishe, umeiona?"

"Hapana."

"Wapangaji wa ghorofa za chini, umezungumza nao?"

"Tulipita ngazi ya nyuma. Shakir alisema mlango wa mbele unapakwa rangi. Alisema yalla, amua haraka, kuna wengi wanaingojea."

"Jamani, mnamhoji kama mwizi!" Isaiah alifoka. "Huyu ndiye aliyekupeleka hospitali, Lukman, ulipokuwa na homa!"

"Na namshukuru mpaka leo. Homa na mkataba ni mambo mawili."

"Huna shukrani wewe!"

Mwiko ukagonga meza. "Tulia!" Resty alisema. "Isaiah, hujapewa nafasi. Ukitaka kusema, inua mkono."

Francis alikuwa akitoka jasho. Ilimuuma kuulizwa mbele ya mkewe. Kila jibu lake lilikuwa dogo kuliko swali. Lakini hakuinuka. Alijiambia: kaa, jibu, kaa.

"Sina majibu," alisema mwishowe. "Natoa shauri. Tuunde kamati ya watu wawili, waende Deira kesho, waulize. Lukman ni wa kwanza."

"Mimi nitakuwa wa pili," Virginia alisema.

"Mke wa Waziri Mkuu amchunguze Waziri Mkuu?" Lukman aliuliza. "Hapana, shemeji. Aende Isaiah. Isaiah anampenda Francis na hanipendi mimi. Akiona ninachoona, mtaamini."

Isaiah akaguna, lakini akakubali.

Ijumaa hiyo wote wawili walikuwa ofu. Walipanda metro asubuhi, wakarudi alasiri. Jioni watu wakakaa safu mbili. Wakaomba. Resty akamtazama Isaiah.

"Toa ripoti ya kamati."

Isaiah alisimama, akakuna kichwa. "Mlango wa mbele haupakwi rangi," alisema. "Umebandikwa tangazo. Tulimuuliza mlinzi wa jengo. Jengo litabomolewa. Wapangaji walipewa ilani zamani, na wengi wameshatoka. Maji ya ghorofa ya juu yalikatwa. Na mwenye jengo hamjui mtu anayeitwa Shakir."

Virginia aliweka kiganja mdomoni.

"Tungetia saini kesho," mtu mmoja alinong'ona, "na tungelala wapi?"

Resty akagonga mwiko polepole. "Swali ni hili. Tuhamie nyumba ya Deira? Wanaokubali, inueni mikono."

Hakuna mkono.

"Wanaokataa."

Mikono yote ikapanda. Francis aliinua wa kwake pia. Kisha akasimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Ndugu zangu, nilikuwa karibu kuwatia shimoni. Nimeshindwa kura. Basi sifai kuwa mkuu wa nyumba. Chagueni mwingine."

"Kaa chini," Resty alisema.

"Resty, nimesema najiuzulu."

"Kaa chini, Francis. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha jana. Kura ya leo ilikuwa ya nyumba, haikuwa ya imani. Ama ulisahau somo lako?"

Watu wakacheka, na Francis akaketi.

"Sasa tupige ya imani," Lukman alisema. "Naomba Spika aruhusu."

Isaiah akamkazia macho. Virginia akashika ukingo wa kiti chake.

"Nimeruhusu," Resty alisema. "Wenye imani na Francis awe mkuu wa nyumba hii, inueni mikono."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Lukman.

"Msinishangae," alisema. "Mtu aliyekubali kuulizwa mbele ya mkewe, nitampata wapi mwingine?"

Mikono mingine ikafuata.

Jumamosi asubuhi simu ya Francis ililia. Alikuwa Shakir.

"Francis! Yalla, uko wapi? Mkataba uko tayari."

"Hatutii saini. Watu wangu wamekataa."

"Watu wako? Si uliniambia wewe ndiye bosi wa nyumba?"

"Ndimi," Francis alisema. "Lakini bosi wa nyumba yetu haendi bila wao. Na sisi tumemwona mlinzi wa jengo."

Shakir akakata simu. Hakupiga tena.

Siku zilizobaki zilikuwa chache, na Francis hakupumzika. Alitembea mtaa hadi mtaa baada ya zamu. Kila nyumba aliyoipata aliileta mezani, na Lukman akaiuliza. Moja ilikataliwa kwa sababu idadi yao ingezidi ile inayoruhusiwa. Nyingine ilikataliwa kwa sababu dalali hakutaka wazungumze na mwenye nyumba. Isaiah alinung'unika kwamba watalala barabarani na maswali yao. Francis alimjibu, "Tutalala ndani, na tutajua ndani ni mwa nani."

Ya tatu ilikuwa Al Quoz hapo hapo, nyuma ya karakana ya vioo. Mwenyewe, mzee Mohdhar, alikuja akawaonyesha karatasi za umiliki. Alikubali idadi yao iandikwe kwenye mkataba, na mkataba usajiliwe serikalini. Kamati ilifungua mabomba yote, ikajaribu taa zote. Kura ikapigwa. Francis akatia saini, Lukman na Isaiah wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake. Wakahama kabla ya mwezi kuisha, na hakuna aliyeachwa nyuma.

Ijumaa ya kwanza katika nyumba mpya, Resty alipika. Viti vilikuwa vimepangwa safu mbili. Kiti cha Lukman kilikuwa kitupu, kwa sababu zamu yake ilirefushwa.

"Tuanze," Isaiah alisema. "Chakula kinapoa. Tena leo hatutakuwa na maneno mengi."

"Ndiyo maana hatuanzi," Francis alisema.

Wakangoja. Mchuzi ukapoa, Resty akaurudisha jikoni. Hatimaye mlango ukafunguliwa. Lukman aliingia na yunifomu, vumbi kwenye viatu, akashangaa kuona wote wamekaa na njaa.

"Mbona hamjala?"

"Kaa," Francis alisema. Akasimama, akaomba hekima, wakaitikia amina. Kisha akaketi, akamgeukia Lukman. "Haya, ndugu yangu. Uliza."

Lukman akawatazama, akacheka kwa uchovu. "Leo kaka, wallahi, sina swali."

"Basi fikiri," Francis alisema. "Sisi tunangoja."